Shavu la Upande wa Dirisha

Machi 6

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Nianze na nililokuficha, kabla salamu hazijanipa upenyo wa kulikwepa: mashavu unayoyaona kwenye picha zangu si yangu. Ni ya bibi yako.

Sasa salamu. Marahaba, maana najua umekwisha kuniamkia ulipoona mwandiko kwenye bahasha. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee anayeamka na kujikuta bado yupo. Masikio ndiyo yale yale. Simu uliyoninunulia ikilia nasikia nyuki tu, kwa hiyo nimeilaza kabatini, na tutaendelea na karatasi. Bati la upande wa jikoni limeshikwa tena na kutu. Paka wa mtaani amezalia ndani ya studio, nyuma ya pazia la picha za pasipoti, nami sikuwa na moyo wa kumfukuza. Fundi Saa anakusalimu sana. Kibanda chake bado kimeegemea ukuta wetu kama mlevi, naye anashinda huku kwangu kama kawaida, ananifunga kwenye dama na kunipa pole.

Turudi kwenye mashavu. Unakikumbuka kile kikopo cha bati cha bibi yako, cha rangi aliyojipaka akienda kwenye mikutano ya wazazi shuleni kwako? Alipotutoka nilikiweka tu, kwa ajili ya harufu. Lakini mwaka jana daktari aliniambia kwamba damu yangu ni hafifu, akaanza kunipa dawa, na tangu hapo uso wangu umekuwa na rangi ya karatasi iliyosahauliwa juani. Nawe ukaniandikia kwamba picha yangu umeibandika ukutani juu ya kitanda, na kwamba ndiyo unayoiamkia kila asubuhi. Sikutaka uwe unaamkia maiti. Basi kila mwezi, kabla Fundi Saa hajabonyeza ile kamera inayotema picha papo hapo, najipaka kidogo. Nimewapaka poda wateja ujana wangu wote ili mwanga usiwale nyuso. Kazi ninaijua.

Sasa kikopo kimekwisha. Nimekikwangua kwa njiti ya kiberiti mpaka bati limeng'aa. Na kwenye benchi la zahanati nimeokota gazeti la akina mama lenye picha ya kijaluba cha rangi za mashavu: rangi nne za kupaka na mbili za kung'arisha, kimefungwa kama kito cha malkia. Duka lililotajwa chini ya picha ndilo unalofanyia kazi wewe. Bei yake ni kodi ya nyumba. Niambie basi, usiniambie kama muuzaji, niambie kama mtoto niliyemlea: kinafaa kununuliwa?

Usije. Najua kalamu yako imeshaanza kuandika kwamba unakuja. Maliza mkataba wako. Dada wa zahanati anafika kunichoma sindano na kuchukua barua zangu za posta, na Fundi Saa yupo. Sihitaji mtu. Nahitaji shavu.

Babu yako,
ambaye mtaa mzima bado unamwita Mzee Tabasamu


Machi 29

Babu, mume wangu mzee, shikamoo.

Barua yako niliisomea chooni kazini, maana ndiko pekee ambako kamera za duka hazituangalii. Nilicheka mpaka mwenzangu wa manukato akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Nikamwambia mume wangu amevaa vipodozi vya mke mwenzangu aliyekufa. Alinitazama, akarudi kwenye chupa zake. Huku utani wetu ukiutoa nje lazima uueleze, na ukishaueleza umekufa.

Habari zangu ni zile zile. Chumba nashiriki na muuguzi wa zamu za usiku: yeye akiingia, mimi natoka. Tunajuana kwa alama. Kikombe kimeoshwa, sabuni imepungua, taulo lina maji. Wiki iliyopita aliniachia nusu ya chungwa kwenye sahani, nikafurahi kama niliyepokea wageni.

Kijaluba ninakifungua mbele ya wateja kila siku, kwa hiyo nitakueleza ninavyokijua, na barua hii usimwonyeshe mtu nisije nikafukuzwa. Kwanza, ni kizito. Wengi wananunua huo uzito. Kifuniko kina sumaku, kinajifunga kwa mlio wa mlango wa gari jipya. Kioo chake ni kizuri kweli, hakipendelei mtu. Tatizo ni rangi. Mbili kati ya zile nne hazikutengenezwa kwa ajili yetu sisi. Nilijipaka moja kabla milango haijafunguliwa, nikaonekana kama niliyelalia unga. Ya tatu ni ya tofali lililonyeshewa, na hiyo ni nzuri, inakaa tangu asubuhi hadi nateremka basi jioni. Ya nne ni zambarau iliyoiva. Ukiitazama ndani ya kijaluba unaogopa, lakini juu ya ngozi nyeusi inageuka damu inayotembea. Kwa hiyo mtu analipia nne anapata mbili. Za kung'arisha, moja ina vichembe kama magamba ya samaki, na kwenye uso wenye makunyanzi kila kunyanzi litapiga tarumbeta. Nyingine sijaijaribu vya kutosha.

Juzi mama mmoja wa makamo alikaa kwenye kiti changu, akakishika kijaluba kwa mikono miwili.

"Hii itaniondolea uchovu?"

"Hapana mama, itauficha."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka unawe."

Akafikiri, akasema, "Basi sitanawa," akanunua. Nilimpenda. Sikumwambia kwamba rangi aliyoichagua ni ile ya unga.

Ili nikuhukumie wewe vizuri nahitaji kuujua uso wenyewe. Nitumie picha moja usiyojipaka chochote.

Halafu kuna kanuni ya kaunta yetu. Mteja haondoki mpaka mmoja wetu asimame mlangoni amtazame kutoka kule. Mtu hawezi kujiona, Babu. Kioo anakisogelea mno, na shavu la upande wa dirisha linamdanganya: lina mwanga, kwa hiyo anadhani lina rangi, analigusa kidogo tu, kisha lile la gizani analipaka kama ukuta. Mwambie Fundi Saa asimame mlangoni akutazame kabla hajapiga picha. Na umwulize saa yangu ya mkononi niliyomwachia siku naondoka, ameshaitengeneza, au anasubiri nizeeke?

Umesema nisije. Sawa, siji. Ila ujue kinachonikalisha huku ni huyo mzee wa saa. Siku nitakayosikia kwamba uko peke yako ndani ya nyumba ile, nitaondoka nikiwa bado nimevaa sare ya kazi.

Halafu, hafifu maana yake nini? Neno hilo umelipita mbio.

Mjukuu wako


Mei 2

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi zilizopita, ikakaa chini ya miwani yangu ikinisubiri. Usiilaumu posta. Dada wa zahanati amekuwa akiuliza, "Hakuna barua leo, mzee?" na kuondoka mikono mitupu. Mkono wangu umekuwa mvivu, basi.

Watoto wa paka wamefungua macho. Mmoja analala ndani ya kofia yangu, na nikiihitaji namwomba ruhusa. Fundi Saa anasema saa yako inangoja kifaa kidogo kutoka mbali, na kwamba mtu mwenye haraka ya kujua wakati na afuge jogoo. Unamjua alivyo.

Picha ya uso mtupu sikutumii. Usikasirike. Nitakueleza kwa maneno, kama nilivyokuwa nikiandika juu ya bahasha ya filamu ili anayesafisha picha ajue cha kufanya. Ngozi kavu. Rangi ya kahawa iliyozidishwa maji. Mashavu yamezama, hivyo mwanga wa pembeni unachimba mashimo. Midomo ya mtoto aliyekula chaki. Macho bado yangu. Na hafifu maana yake ni hafifu. Daktari hakuongeza neno, nami sikumwomba.

Hukumu yako juu ya kijaluba nimeisoma kwa furaha, na nakubishia. Unasema mtu analipia nne anapata mbili. Enzi za studio watu walilipia picha tatu wakabandika moja ukutani, na zile mbili walizozificha ndizo zilizowahakikishia kwamba ile moja ni nzuri. Uzito nao usiudharau. Mzee akishika kitu chepesi, anahisi kinamuaga. Na huenda yule mama yako wa makamo hakununua rangi. Huenda alinunua ile dakika ya kukifungua kitu kizuri, akakuta ndani yake kuna kioo, na ndani ya kioo yumo yeye.

Bibi yako alinunua kile kikopo kwa pesa ya viatu vyangu. Nilinuna. Akanipaka kidogo puani, akanipeleka mbele ya kioo cha studio, akasema, "Haya, nuna sasa." Sikuweza.

Kanuni yenu nimeitii. Fundi Saa alisimama mlangoni, akafinya jicho kama anayetazama ndani ya saa, akasema, "Pande zote ziko sawa, mzee. Unafanana na mtu aliyekwenda kukopa akapewa." Ndipo akaipiga picha hii ninayoiambatisha. Rangi hiyo ni makombo ya mwisho niliyoyakwangua kikoponi.

Nieleze ile rangi ya kung'arisha ambayo hukuijaribu vya kutosha. Usiwe na haraka, eleza kwa urefu.

Babu yako


Mei 25

Babu, shikamoo.

Nimekaa na picha yako kabla ya kukujibu.

Muuguzi ameanza kuniachia vijikaratasi. "Umeme umelipwa." "Dirisha halifungi vizuri." Hakuna cha maana, lakini nimevitunza vyote ndani ya kiatu.

Kwanza ulichouliza. Ile rangi ya pili ya kung'arisha nimeitumia wiki nzima. Haina vichembe. Inakaa juu ya mfupa wa shavu kama unyevu wa mtu aliyetoka kuoga, na ndiyo kitu bora kuliko vyote ndani ya kijaluba. Ila kazi yake ni moja tu, na tunafundishwa siku ya kwanza: mng'aro haumpi mtu uzuri, unamwambia mtazamaji atazame hapa ili asitazame pale. Mteja akiwa na mifuko chini ya macho, tunamng'arisha juu ya mfupa. Jicho la mtu linafuata kinachowaka.

Sasa hukumu yangu, na hii ni ya mwisho: hakikufai. Bei tuiache. Rangi zote zile ni unga, na unga unataka ngozi yenye mafuta kidogo ili ushike. Kwenye ngozi uliyonieleza utakaa juu juu kama vumbi kwenye rafu, na kufika mchana utakuwa umejipanga kwenye makunyanzi. Msichana mwenye uso laini na mshahara mnene akiniuliza, nitamwambia anunue kwa raha zake, akijua kwamba nusu ya pesa yake imekwenda kwenye kifuniko. Wewe unataka rangi ya mafuta, ya kupaka kwa kidole, ile inayouzwa kwenye kikopo kisicho na kioo wala sumaku. Nimekuwekea kimoja ndani ya soksi kwenye kifurushi kinachokuja. Gusa, sambaza, subiri, tazama. Usiongeze kwa hasira.

Ya pili ni picha. Babu, shavu lako la upande wa dirisha halina kitu, na lile jingine limeiva kama umezabwa kofi. Fundi Saa anaona jino la gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Alisimama mlangoni akasema pande zote ziko sawa? Alikuwa anatazama nini?

Nikazibandua picha zako zote ukutani, nikazipanga kitandani. Zile za mwanzo, macho yako yanatazama juu ya kamera na mdomo uko wazi nusu, kwa sababu kila alipokupiga mlikuwa katikati ya ubishi. Kwenye hizi za karibuni unatazama ndani kabisa ya tundu la kamera, mdomo umefungwa, kama mtu wa pasipoti.

Sikutuhumu kitu. Naomba tu umwambie aniandikie mstari kwa mkono wake. Mmoja. Hata wa matusi. Msimamizi ameniuliza kama nitaongeza mkataba, miaka miwili mingine, na anataka jibu mwisho wa Julai. Nikiupata mstari wa Fundi Saa, nitatia sahihi kwa amani.

Mjukuu wako


Juni 14

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika, na soksi nimezivaa. Rangi ni laini. Kidole kinaipenda.

Fundi Saa mikono inamtetemeka siku hizi, anaona haya kushika kalamu. Anasema wewe mwenyewe unajua kwamba hajawahi kuandika kitu maishani isipokuwa "Njoo kesho" kwenye kibao cha mlango wake. Anasema utie sahihi. Nami nasema utie sahihi.

Lile shavu ni la kamera. Kamera ile haiwezi mwanga wa jua.

Paka amehama. Aliwabeba wanawe mmoja mmoja kwa shingo, na yule wa kwenye kofia alikuwa wa mwisho. Kofia imejaa manyoya, sijaikung'uta.

Sina zaidi.

Babu


Julai 1

Babu, shikamoo.

Mstari haukuja. Sijatia sahihi, na sijakataa.

Jumapili tulikuwa tunasafisha kaunta, nikapewa kijaluba cha majaribio nikakitupe, kile ambacho wateja wamechovya vidole mpaka bati linaonekana chini ya rangi. Sikukitupa. Nilikuja nacho chumbani nikajipaka kwa makini, kama ninavyompaka mteja wa kwanza wa siku. Zambarau shavuni, mng'aro ule laini juu ya mfupa. Nikavaa gauni. Halafu nikaikumbuka kanuni, nikageuka nimwambie mtu asimame mlangoni.

Muuguzi alikuwa kazini. Nikaenda kusimama mlangoni mimi mwenyewe, nikakitazama kitanda.

Nimewapaka wanawake wa mji huu karibu miaka miwili, Babu, na hakuna hata mmoja anayejua nacheka vipi. Sikuwahi kukuandikia hilo, kwa sababu nawe kila barua unaniambia uko vizuri na una mtu wa kucheza naye dama, nikaona aibu kuwa mimi ndiye mpweke. Nikanawa uso. Maji yalikuwa ya rangi.

Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa mdogo nimekaa juu ya lile boksi la karatasi za picha, kwamba picha inaweza kudanganya kuhusu nguo, kuhusu mandhari, kuhusu umri, lakini haidanganyi kuhusu nani amesimama nyuma ya kamera, maana yumo machoni mwa anayepigwa. Ni maneno yako. Kwa hiyo sikuulizi tena. Nasubiri barua yako, ndipo nimjibu msimamizi.

Mjukuu wako


Julai 15

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Marahaba. Naandika nikiwa nimelala, kwa hiyo mistari inapanda mlima. Isamehe. Habari za nyumbani ni fupi. Bati linavuja. Paka hajarudi. Dada wa zahanati sasa anakuja kila siku, naye anatazama mshipa, hatazami uso. Si kosa lake, ana wengi wa kuwachoma kabla jua halijawa kali.

Kijaluba kile usininunulie. Hukumu yako ilikuwa sahihi tangu barua ya kwanza, na niliibishia ili tuendelee kuandikiana. Nilikuwa nimepata jambo refu la kuzungumza na wewe ambalo halikuwa ugonjwa wangu, na sikutaka liishe. Ukinieleza rangi ya tofali lililonyeshewa, nilikuwa nalala nayo siku kadhaa.

Umenieleza vizuri kazi ya mng'aro kuliko unavyojua. Ndivyo nilivyokufanyia mwezi wa Machi. Nilikupa siri moja inayowaka, mzee mzima na rangi ya mashavu ya mkewe, ili ucheke na jicho lako libaki hapo. Na ulicheka, lakini jicho hukuliacha hapo. Nimekulea vizuri mno.

Daktari hakusema hafifu. Alisema mwili wangu umeacha kutengeneza damu. Nikamwuliza kama nitaumaliza mwaka, akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Sasa kuhusu mlangoni. Siku ya ile picha nilifanya kila ulichoniagiza. Nilijipaka pale dirishani, nikashika fimbo, nikaenda taratibu mpaka mlangoni, nikageuka ili nimtazame mzee aliyekaa kwenye kiti nione kama pande zake ziko sawa. Kiti kilikuwa kitupu. Mwenye kiti alikuwa amesimama mlangoni. Kinyozi hajinyoi, mjukuu wangu. Nilicheka kwa sauti, kisha nikatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Kumbe tumesimama mlangoni wote wawili, wewe kule na mimi huku, kila mmoja anakitazama cha kwake.

Kamera ina kitufe cha kujihesabia. Nimeiweka juu ya kigoda, na chini yake ule ubao wa dama ili ifike usawa wa uso. Inalia, inalia, halafu inanyamaza kidogo kabla ya kupiga. Hapo kwenye kimya ndipo natabasamu. Zamani Fundi Saa alikuwa hanipi nafasi ya kutabasamu. "Mzee Tabasamu," ananiambia, "umewalazimisha watu mji mzima wacheke bila sababu, sasa leo ni zamu yako. Cheka, au nikulipe?" Nami namjibu anilipe kwanza lile deni la dama, na papo hapo anabonyeza, akinidaka mdomo wazi. Hizo ndizo ulizozitambua.

Salamu zake zote za mwaka huu nilizitunga mimi. Ile ya jogoo, ile ya mtu aliyekwenda kukopa. Zilinichukua siku nzima nzima. Yeye angezitema huku anatafuta miwani yake. Ulisema kinachokukalisha huko ni yeye, basi nikaona nikimweka hai kwenye karatasi, nawe utakaa, utamaliza, utakuwa mtu. Nilipoandika kwamba anaona haya kushika kalamu, ndipo nilipojua kwamba nimefika ukutani.

Saa yako imepona. Imo kwenye mtoto wa meza karibu na kichwa changu. Masikio hayaisikii, lakini nikiishika inanigonga vidoleni. Kumbe aliitengeneza wiki ile ile uliyoondoka, akaificha ili uwe na sababu ya kumwulizia. Binti yake ndiye aliyeniletea, pamoja na ule ubao wa dama, alipokuja kukifunga kibanda.

Msimamizi wako mjibu upendavyo. Mimi neno langu la Juni nalifuta.

Leo sijajipaka kitu, na nimemwomba dada wa zahanati anipige picha. Amenipiga kwa haraka, kidogo nimekatika kichwa, lakini ndiyo hii. Itazame vizuri, pande zote mbili.

Fundi Saa tulimzika Oktoba mwaka jana, na tangu siku hiyo niko peke yangu ndani ya nyumba hii.